Bakshishi ya Kinyozi wa Mbwa

Mama mdogo akiulizwa na majirani pale Ngamiani, Tanga, binti yake anafanya kazi gani Marekani, hujibu bila kusita: yuko saluni. Si uongo. Kuna viti vya kungojea, kuna shampuu za kila harufu, kuna draya, kuna mikasi iliyopangwa kwa urefu kama watoto wa darasa la kwanza mstarini, na Jumamosi hupati nafasi kama hukuweka miadi. Ambacho mama mdogo hajaambiwa mpaka leo ni kwamba wateja wa saluni hiyo wote wana mikia.

"Hao wateja wako ni watu wema?" alimuuliza siku moja kwenye simu, mimi nikiwa pembeni nasikia.

"Wema sana, mama. Ila si waongeaji."

Nilikaa kwa mdogo wangu huyo wiki tatu, Novemba 2025, kusini mwa Seattle, katika jimbo la Washington. Ni msimu wa mvua isiyo na haraka, mvua ya manyunyu inayoanza kabla hujaamka na kukukuta bado inanyesha ukirudi kulala. Watu wa mji ule hupenda kusema kwamba wana mbwa wengi kuliko watoto, na ukipita njiani asubuhi huna sababu ya kuwabishia. Karibu kila mbwa niliyekutana naye alikuwa amevaa koti la mvua. Watoto wao ndio niliowaona wakienda shule vichwa wazi.

Jumamosi ya pili sikuwa na pa kwenda, nikafuatana naye kazini. Nikapewa kiti kwenye kona, kikombe cha kahawa, na onyo la kutomkazia macho mbwa yeyote. Nikatoa daftari. Nilitaka kuhesabu jambo moja tu: nani anaacha bakshishi, nani haachi, na anaacha kiasi gani. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu, suala la kumpa bakshishi kinyozi wa mbwa linaweza kusikika kama mjadala wa watu walioshiba. Nami nililichukulia hivyo mpaka saa nne asubuhi, alipoletwa Kevin.

Kevin ni mbwa. Siku hizi mbwa wa Marekani hupewa majina ya makarani wa benki. Ni chotara wa poodle na golden retriever, kilo zaidi ya 30, manyoya ya mawimbi rangi ya asali, mpole kabisa. Mbwa wa namna yake wameenea kwa sababu ya Mwaustralia Wally Conron, ambaye mwaka 1989 alipandisha Labrador na poodle ili ampatie mama mmoja kipofu wa Hawaii mbwa wa kumwongoza asiyemletea mumewe mzio. Wazo lilikuwa jema. Miaka 30 baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta, kwa jinsi wafanyabiashara walivyolivamia. Vinyozi wa mbwa wana sababu yao ya kumwelewa: manyoya ya poodle hayaachi kukua, ya wazazi wale wengine hupukutika, na chotara wao mara nyingi hurithi yote mawili. Yanayopukutika hunaswa na yanayokua. Asiyechanwa kila siku mbili tatu hufanya mafundo, na mafundo yakiachwa hushikana karibu na ngozi yakawa mkeka.

Kevin alikuwa hajachanwa tangu kiangazi.

Mdogo wangu alimpandisha mezani, meza ile ya kuinuka na kushuka kwa umeme, akamvika kitanzi cha shingoni asije akaruka, kisha akapitisha vidole chini ya kwapa. Nilimwona akitikisa kichwa. Vidole havikupenya. Hapo hakuna brashi wala chanuo linaloweza kusaidia bila kumtesa mnyama. Dawa ni mashine, tena kwa bapa fupi linaloacha manyoya ya milimita moja na nusu, ipite kati ya mkeka na ngozi. Ngozi ya mbwa ni nyembamba, kwapani na kwenye paja hujikunja, na bapa likienda muda mrefu hupata moto. Kila baada ya dakika chache alilibandika kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe kupima joto kabla ya kuendelea. Mkeka ukatoka mzima mzima, kama ngozi ya kondoo. Chini yake kulikuwa na wekundu, mahali pengine vidonda vidogo vilivyokuwa vikitoa unyevu.

Baada ya hapo ndipo kazi niliyodhani ndiyo kazi ilipoanza. Masikio: kuyasafisha na kuyanusa, kwa sababu uambukizo hutangulia kwa harufu. Kucha: ndani ya kila kucha kuna nyama yenye mshipa, ukizidisha milimita mbili damu inatoka na mbwa hatakusamehe, na kucha za Kevin ni nyeusi, mshipa hauonekani. Vifuko viwili vya harufu kando ya njia ya haja, ambavyo mwenye mbwa akitaka hukamuliwa, na ambavyo sitavieleza zaidi kwa kuwa gazeti hili husomwa wakati wa chai. Kuosha mara mbili. Kisha draya, si ile ya saluni zetu bali mtambo unaovuma kiasi kwamba vinyozi wote huziba masikio. Mwisho mkasi, uso, nyayo, mkia. Saa tatu kasoro dakika chache. Mdogo wangu aliponyoosha mgongo nilisikia ukilia. Alinionyesha viganja: vipande vya manyoya vilivyochoma ngozi kama miba, vingine vimeingia ndani, vya kutolewa usiku kwa kibano.

Mwenye Kevin alipofika, alisimama mlangoni akaweka mkono mdomoni. Alileta mbwa wa mawimbi ya asali, akarudishiwa mbwa kipara. Machozi yalimlenga. Msichana wa kaunta alimgeuzia kishkwambi cha malipo. Bili ilikuwa dola 140, na chini yake visanduku: asilimia 18, asilimia 20, asilimia 25, na kimoja kidogo, cha maandishi yaliyofifia, cha asiyetaka kuongeza kitu. Mama yule alibonyeza kilichofifia, akamshika Kevin, akaondoka.

Nikaandika sifuri.

Nusu saa baadaye akaja mzee mmoja kumchukua chihuahua wake. Mbwa wa saizi ya kuku, manyoya mafupi kama zulia jembamba, ameogeshwa na kukatwa kucha kwa dakika 25. Bili dola 50. Mzee aliacha noti ya dola 20 juu ya kaunta, akampigia mdogo wangu saluti, akatoka akiimba.

Hesabu hiyo ndogo ilinifungua macho kuliko ushauri wote unaosema toa asilimia 15 au 20. Asilimia huhesabiwa juu ya bei, na bei haijui kilichotokea mezani. Tena mteja naye hajui, maana hakuwepo. Anaona utepe shingoni na harufu ya maua. Shahidi pekee wa kazi ile ni mbwa. Mhudumu wa hoteli akikuletea chakula unaona tabasamu lake, unaona kama amechelewa. Kinyozi wako mwenyewe unamwona kwenye kioo. Huyu wa mbwa hupimwa kwa urembo, wakati sehemu ngumu ya kazi yake ni ile isiyoacha alama: kucha zisizotoka damu, ngozi isiyokatika, mnyama aliyeogopa ambaye hakung'ata mtu.

Nilimuuliza mdogo wangu kama amemkasirikia mwenye Kevin. "Hajanikasirikia mimi, kaka," akasema. "Ameona aibu. Mtu mwenye aibu haachi bakshishi."

Kuhusu fungu lake katika zile dola 140, duka huchukua nusu. Ndiyo kawaida ya kazi hii: wengi hulipwa kwa kamisheni, nusu kwa nusu au karibu na hapo, na mikasi ni ya mfanyakazi mwenyewe. Mkasi mzuri unagharimu mamia ya dola na lazima upelekwe kunolewa. Dola 70 kwa takriban saa tatu si njaa. Kima cha chini cha jimbo la Washington mwaka huo kilikuwa dola 16.66 kwa saa, na ndani ya jiji la Seattle dola 20.76. Lakini kamisheni haina subira. Siku mvua ikizidi na wateja watatu wakafuta miadi asubuhi ile ile, mdogo wangu hukaa akinoa macho badala ya mikasi, na sheria humhakikishia kima cha chini tu.

Hapa lazima tulitoe jambo moja njiani. Wengi wetu tumesikia kwamba Mmarekani hutoa bakshishi kwa sababu mhudumu halipwi mshahara wa kutosha. Katika majimbo mengi ni kweli. Sheria ya kazi ya shirikisho ya mwaka 1938 ndiyo iliyoweka kima cha chini. Marekebisho ya 1966 yakamruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara. Leo kima cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009, na kwa mhudumu anayepokea bakshishi mwajiri anaweza kutoa dola 2.13 tu, kiwango kisichoguswa tangu 1991, mradi bakshishi izibe pengo. Lakini Washington ni miongoni mwa majimbo saba yaliyokataa mpango huo. Pale mhudumu, mpishi na kinyozi wa mbwa wote wana kima kile kile, bakshishi iwepo isiwepo. Kwa hiyo hoja ya kuziba pengo haina miguu Seattle, na bado kishkwambi kinageuzwa.

Jimbo hilo hilo, tena, mwaka 1909 lilikuwa la kwanza Marekani kupiga marufuku bakshishi kwa sheria. Wakati ule wapinzani wa bakshishi waliiona kama ugonjwa wa Ulaya, desturi ya bwana na mtwana isiyofaa katika nchi ya watu sawa. Majimbo mengine kadhaa yakafuata. Kufikia 1926 sheria zote zilikuwa zimefutwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuzisimamia na waajiri walikuwa wameshaonja utamu wa kulipiwa wafanyakazi na wateja. Aliyeuonja zaidi ni George Pullman, mwenye mabehewa ya kulala. Baada ya utumwa kukomeshwa aliajiri wanaume weusi waliotoka kwenye minyororo, akawalipa kidogo, akawaachia abiria wamalizie. Abiria waliwaita wote "George", kwa jina la tajiri wao, kama walivyoitwa watumwa. Ndipo mwanaharakati wa wafanyakazi A. Philip Randolph alipowaunganisha katika chama chao mwaka 1925, na ikawachukua hadi 1937 kupata mkataba. Nikimwona mtu akikunja uso mbele ya visanduku vya asilimia, sisemi ni bahili. Huenda anasikia harufu ya zamani kuliko shampuu.

Na visanduku vimezidi. Kituo cha utafiti cha Pew kiliuliza mwaka 2023, na Wamarekani 72 katika kila 100 wakasema bakshishi sasa inatarajiwa mahali pengi kuliko miaka mitano kabla. Niliombwa asilimia 20 kwenye kibanda nilichojichukulia maji ya chupa mwenyewe. Sikutoa, na sijuti.

Sisi je? Sokoni kwetu mambo yamepinduka: muuzaji ndiye humwongezea mnunuzi. Ukinunua fungu la nyanya Kariakoo husemi ahsante kabla hujadai nyongeza, na asiyetoa nyongeza leo kesho atauza kwa nzi. Halafu tuna wasiwasi wetu wa asili na pesa inayotolewa nje ya bei. Chai, kitu kidogo, ya soda; Lubumbashi wao husema matabishi, na neno hilo hilo hufanya kazi ya mhudumu na ya askari wa barabarani. Tanzania tulifika mahali tukaitungia sheria takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura wakati wa uchaguzi, ikabidi Mahakama Kuu iifute mwaka 2006. Mjomba wangu mmoja, mstaafu wa bandari, nilipomweleza habari za visanduku alisema kwa mkato: "Hiyo ni hongo iliyovaa tai."

Si hongo, na neno lenyewe linasaidia kuonyesha kwa nini. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa njia: msafara ukipita Ugogo kwenda Unyamwezi, watemi walidai vitambaa, shanga na nyaya za shaba kabla watu hawajaruhusiwa kupita na kuteka maji. Hongo hutangulia. Hutolewa ili mlango ufunguke. Bakshishi hufuata nyuma, mlango umeshafunguliwa na mtu anaweza kuondoka zake. Kwa kipimo hicho kile kishkwambi kinachotaka uongeze kabla kahawa haijamiminwa ni mtoto wa hongo, kweli, na mjomba angekuwa sahihi. Cha kinyozi wa mbwa hutokea mbwa akiwa tayari kwenye kamba.

Na pwani tulikuwa na ufundi mwingine ambao nadhani tumeupoteza. Tulizipa majina. Bwana harusi wa Kiswahili hakutoa "bakshishi" ya jumla. Alitoa kiosha miguu kwa aliyemwosha miguu, kifungua mlango kwa aliyeshika mlango, kipa mkono kwa bibi harusi mwenyewe. Fundi aliyemaliza kumfunza kijana alipewa kilemba. Desturi za Wasuaheli, kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, kimejaa malipo ya namna hii, na wengine hukisoma wakacheka kwamba babu zetu walipenda kutozana. Mimi naona jambo jingine. Jina la zawadi lilitaja kiungo kilichofanya kazi na kazi yenyewe. Huwezi kutoa kiosha miguu bila kujua kwamba kuna mtu alipiga magoti akakuosha miguu. Asilimia 20 unaweza kuitoa huku unatazama simu.

Tukiwa jikoni usiku ule, mdogo wangu akijitoa miba ya manyoya kwa kibano, nilimwomba anipe majibu ya kawaida, ya mtu anayetaka kujua atoe ngapi aondoke. Alinipa, na nayaandika hapa. Kwa mbwa wa kawaida aliyetunzwa, asilimia 15 ni heshima, 20 ni furaha. Kwa kukata kucha tu, kazi ya dakika kumi ya dola 20, dola tano zinatosha. Mbwa aliyeshikana manyoya, mbwa mzee asiyeweza kusimama, mbwa anayeng'ata: hapo asahau asilimia, aangalie saa ambazo mbwa amekaa, aongeze noti ya maana. Ikifika Krismasi, mteja wa mwaka mzima hutoa sawa na bei ya siku moja, na washauri wa adabu wa Marekani nao husema hivyo. Mwenye duka akikunyolea mwenyewe, kanuni ya zamani inasema hapewi kwa kuwa bei yote ni yake. Siku hizi wengi humpa hata hivyo. Mimi nisingejisumbua. Mfuko wa kahawa unatosha.

Taslimu au kadi? Sheria iko upande wa kinyozi kote kuwili. Wapiga kura wa Washington waliamua Novemba 2016 kwamba bakshishi ni mali ya mfanyakazi, na tangu 2018 sheria ya shirikisho imemkataza mwajiri na meneja kuigusa. Tofauti ni kwamba ya kadi huja na mshahara, ya mkononi hununua maziwa jioni ile ile. Upo pia msamaha wa kodi uliosainiwa 4 Julai 2025: hadi dola 25,000 za bakshishi kwa mwaka zinaondolewa kwenye kodi ya mapato ya shirikisho, mpaka mwaka 2028, na katika orodha ya kazi iliyotolewa na Wizara ya Fedha walezi wa wanyama wa nyumbani wamo. Nilipomsomea, alicheka mpaka kibano kikamponyoka. "Kwa hiyo serikali imeshaandika kwamba naosha mbwa. Amebaki mama tu."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kuna wateja wawili anaowapenda kuliko wote, na mmoja wao haachi bakshishi kabisa. Ni mwanamume wa makamo, fundi wa ndege, mwenye mbwa mkali wa kuokotwa, aliyewahi kupigwa na waliomfuga zamani. Siku ya kwanza aliwahi kufika dakika kumi, akasema mbele ya watu: mbwa wangu anang'ata, ataanzia mguu wa nyuma wa kulia, usimshike hapo kabla hajakunusa. Humchana kila Jumapili. Hakosi miadi. "Huyu ananipa mikono yangu," akasema. "Kuna mwingine alinificha, akaniachia dola 40. Nikazitumia kwa daktari."

Wa pili ni mama wa spanieli mzee. Mwaka juzi, akimkausha mbwa huyo, mdogo wangu aligusa uvimbe chini ya kwapa, mgumu, saizi ya punje ya hindi. Akamwita mwenyewe, akamwekea kidole hapo. Mama aliondoka mbio kwenda kwa daktari wa mifugo, siku hiyo hakukumbuka hata kulipa bili. Baada ya wiki sita alirudi na bahasha. Ndani mlikuwa na bili, noti za dola mia moja, na picha ya spanieli na bandeji yake. Picha imebandikwa kwenye friji. Pesa ilikwenda Tanga, ikapaka rangi sebule ya mama mdogo. Mama alisifu saluni.

Niseme na hili, maana wasomaji wa pwani watakuwa wanalisubiri. Mdogo wangu amelelewa Kishafii, na mbwa akilowa tu kwetu ni mashaka: kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Alipoanza kazi alihangaika, akaambiwa na wenzake msikitini, watu wa Afrika Magharibi, kwamba Wamaliki humwona mbwa aliye hai kuwa twahara. Hilo lilimpoza lakini halikumbadilisha. Ana nguo za kazi zisizovuka mlango wa chumbani, viatu vinavyolala kwenye buti la gari, na bafu kabla ya magharibi. Nilimuuliza kama wateja wanajua anabeba mzigo huo. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama samaki wanajua nauli ya daladala.

Nilirudi Dar es Salaam Desemba. Jumapili ya kwanza nilialikwa chakula kwa rafiki Mbezi Beach. Masaki na Oysterbay siku hizi wapo wanaopeleka mbwa kuogeshwa kwa miadi. Nyumba nyingi, hata hivyo, zina utaratibu wa siku zote. Getini nilimkuta mlinzi amejifunga kanga kiunoni juu ya sare, mpira wa maji mkono mmoja, sabuni ya kipande mkono wa pili, anamwosha mbwa mkubwa wa Kijerumani aliyefungwa kwenye mwembe. Mbwa alikuwa anatetemeka. Mlinzi alikuwa akimsemesha taratibu, kwa Kigogo nadhani, akimshika sikio moja kama anavyoshikwa mtoto anayechanjwa. Aliajiriwa kulinda. Rafiki yangu, nilipomuuliza baadaye kwa mzaha kama kuosha mbwa kumo kwenye mkataba, alisema, "Mkataba gani?"

Wakati wa kuondoka nilimkuta amekaa kwenye kibanda chake, suruali imelowa hadi magotini. Nikatoa noti ya elfu kumi, nikampa mkono.

Akaitazama. "Hii ya nini, mzee?"

Nilitaka kusema ya soda, ulimi ukakataa. "Kiosha mbwa," nikasema.

Akacheka kidogo, akageuka kuangalia barazani kama kuna mtu. Akaikunja noti mara nne, akaisukuma ndani ya buti, akaniomba nisimwambie tajiri.